Mgeni wa Masomo na Jembe la Siku ya Tatu

(Yafuatayo ni maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na watumishi wa umma waliokutana kuzungumzia mapokezi ya wanafunzi wa kigeni katika vyuo vyetu.)



Nimeombwa niseme machache juu ya namna tunavyoweza kuwasaidia wanafunzi watokao nchi nyingine kuyazoea maisha ya kila siku katika nchi yetu. Sikusudii kuzungumza juu ya sera, maana sera zipo, na wengi wenu mnazifahamu kuliko mimi. Nitazungumza juu ya saa ya ukutani, dirisha la ofisi, sahani ya wali na nauli ya daladala. Kwa maoni yangu, ni katika mambo hayo madogo ndipo mwanafunzi mgeni anapofaulu au anaposhindwa, kabla hata mhadhiri hajaisahihisha karatasi yake ya kwanza.

Wahenga wetu walikwisha kutuachia kanuni ya kazi hii: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika andiko lake juu ya Ujamaa la mwaka 1962, alipokuwa akieleza kwamba katika jamii yetu ya asili kila mtu alikuwa mfanyakazi. Tangu hapo tumezoea kuisoma kama onyo kwa mgeni mvivu. Leo naomba tuisome kama onyo kwa mwenyeji. Mwenyeji anayempa mgeni wake jembe anamwambia mambo mawili kwa mara moja: shamba letu ni lile pale, na wewe ni mmoja wetu. Lakini mwenyeji asiyetoa jembe, hata akichinja mbuzi kila siku, anamwuliza mgeni wake swali moja tu: utaondoka lini?

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha hapa nchini, nilipangiwa chumba pamoja na kijana aliyetoka katika nchi mojawapo ya kusini mwa Afrika. Siku alipofika nilifurahi sana. Nilimbebea sanduku lake mpaka ghorofa ya tatu. Jioni tulikwenda kula nyama choma, nikalipa mimi. Kesho yake, Jumapili, nilimpeleka sokoni akanunua ndoo, kandambili na chandarua, tukarudi tukiwa marafiki. Jumatatu masomo yakaanza, na mimi nikajiona nimekwisha kutimiza wajibu wangu. Tangu siku hiyo tulisalimiana kwa adabu na kucheka pamoja, lakini kila mtu alikuwa na njia yake. Sikumwuliza tena anaishije, na yeye, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye haya, hakuniuliza kitu.

Ikafika wiki ya mitihani. Ratiba iliyobandikwa ubaoni ilikuwa na saa zilizoandikwa kwa hesabu ya Kizungu, lakini mtihani mmoja ulihamishwa siku, na habari hiyo ililetwa kwa mdomo na kiongozi wa darasa: “Jamani, mtihani ni Alhamisi, saa tatu.” Mwenzangu alikuwa amekwisha kujifunza kuhesabu kwa Kiswahili mpaka kumi. Alijua kwamba tatu ni tatu. Akaandika daftarini mwake tarakimu 3, na kwao hiyo ni saa ya baada ya chakula cha mchana.

Alhamisi asubuhi, yapata saa mbili na nusu, nilipokuwa nikitoka kwenda kwenye mtihani huo, nilimwona amelala, daftari limemfunika kifua. Alikuwa amesoma usiku kucha. Nilisimama mlangoni kidogo. Nikajiambia kwamba huenda wanafunzi wa kigeni wamepangiwa utaratibu wao, maana daima walikuwa na mambo yao na ofisi. Basi nikaufunga mlango taratibu ili nisimwamshe.

Alifika kwenye chumba cha mtihani saa tisa alasiri, kalamu mbili mkononi, akamkuta mfagiaji akipanga viti. Alipokwenda ofisini kujieleza, alizungushwa kutoka dirisha moja hadi jingine kwa muda wa siku nne. Hakuna aliyemtukana. Kila mtu alimpa pole. Lakini fomu ilidai cheti cha daktari, naye hakuwa mgonjwa. Fomu ile haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba mtu hakuielewa saa. Akahesabiwa kuwa hakuhudhuria. Mwisho wa mwaka alikwenda kwao likizo, na hakurudi tena. Sithubutu kusema kwamba ni mtihani ule peke yake uliomwondoa. Ninachokijua ni kwamba alikaa nasi mwaka mzima wa masomo, na katika muda huo wote mimi nilikuwa mwenyeji mwema kwa siku mbili.

Ndugu zangu, namna yetu ya kuhesabu saa haina kosa. Sisi tukaao karibu na Ikweta tunaliona jua likichomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, na kuianza hesabu ya siku pale siku inapoanza ni jambo la akili. Waethiopia nao huhesabu hivyo hivyo. Kosa ni kudhani kwamba kila mtu anajua. Mwenye nyumba hauoni ufupi wa mlango wake, kwa sababu amekwisha kuzoea kuinama. Mgeni ndiye anayegonga kichwa. Na milango mifupi katika nyumba yetu ni mingi.

Tuutazame mlango wa lugha. Katika vyuo vikuu vyetu masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo wakubwa wa vyuo hudhani kwamba mgeni ajuaye Kiingereza hana tatizo la lugha. Lakini mtu haishi darasani. Darasani ni Kiingereza, dirishani ni Kiswahili. Mlinzi wa getini, karani wa malipo, muuguzi wa zahanati, konda wa daladala na mwenye duka la vocha, wote hao hutumia Kiswahili, tena si Kiswahili cha vitabuni. Mgeni aliyejifunza kwa bidii kwamba noti ile ni shilingi elfu moja anaambiwa atoe “buku.” Akiisha kulielewa buku, anaombwa “jero,” yaani mia tano. Akisema hajaelewa, hurudiwa neno lile lile kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba shida yake ni masikio.

Tuutazame pia mlango wa karatasi. Mwanafunzi mgeni anahitaji kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji, na ili akipate anahitaji barua ya chuo. Fedha za matumizi hutumwa kwa simu siku hizi, na tangu utaratibu wa kusajili laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, mtu hawezi kutumia laini isiyo na jina. Kwa hiyo barua moja ikichelewa mezani kwa mtumishi mmoja, kibali kinachelewa, mambo ya fedha yanavurugika, na kijana analala na njaa katikati ya wenzake wanaomwita ndugu. Mtumishi yule wala hajui. Yeye anaona faili moja tu juu ya mafaili mengine.

Si kwamba taifa letu halijapata kuifanya kazi hii vizuri. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilihusu undugu wa binadamu wote na umoja wa Afrika, na ilipewa vitendo. Mwaka 1963 chama cha FRELIMO kilianzisha Taasisi ya Msumbiji mjini Dar es Salaam, na vijana waliokimbia ukoloni wa Mreno wakasomea hapo. Baada ya maasi ya wanafunzi wa Soweto ya mwaka 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini waliikimbia nchi yao, na serikali yetu ikawapa wapigania uhuru wa ANC eneo la Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro, ambalo zamani lilikuwa shamba la mkonge. Hapo ilijengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979.

Naomba tuone kilichotolewa pale. Hatukuwapa karamu, tuliwapa ardhi. Wageni wale walilima, walifuga, walijenga nyumba zao, walikuwa na karakana na hospitali yao. Walipewa jembe hasa, na wakalishika. Walipoondoka mwaka 1992 waliyarudisha majengo mikononi mwa Watanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Waliacha pia ndoa, watoto na maziara. Hapo ndipo ninapoona maana ya ule usemi mwingine wa wazee wetu: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Vivyo hivyo, kijana mmoja wa Uganda alisoma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam toka mwaka 1967 hadi 1970. Hapa hakukaa kama mtazamaji. Alikuwa kiongozi wa chama cha wanafunzi wenye msimamo wa kimapinduzi, akabishana na wenzake wa nchi mbalimbali juu ya ukombozi wa bara hili. Mwaka 1986 Yoweri Museveni akawa Rais wa nchi yake. Mtu anaweza kukubaliana naye au kutokubaliana naye katika mambo ya siasa, lakini hakuna awezaye kusema kwamba miaka ile ya Mlimani haikumgusa. Kijana anayepita leo mbele ya dirisha lako, ndugu mtumishi, hujui kesho atakaa katika kiti gani, wala atatukumbuka kwa lipi.

Tukumbuke vilevile kwamba sisi tumekuwa wageni. Mwalimu mwenyewe alikwenda Edinburgh kusoma mwaka 1949. Baada ya Uhuru vijana wetu walikwenda Moscow, Leipzig, Beijing na kwingineko, na leo watoto wetu wako India, Uchina, Uturuki na katika nchi jirani. Kutokana na safari hizo tunaweza kujifunza mambo mawili.

La kwanza ni jema. Chuo kikuu kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, na baadaye kupewa jina la Patrice Lumumba, kiliwafundisha wageni Kirusi kabla hawajaanza masomo yao yenyewe. Huko Leipzig, katika Ujerumani ya Mashariki ya wakati ule, palikuwa na Taasisi ya Herder iliyofanya kazi hiyo hiyo kwa Kijerumani. Mwenyeji alikiri kwamba lugha ndiyo jembe la kwanza, akatenga muda wa kulikabidhi.

La pili ni chungu. Mwezi Desemba 1963 mamia ya wanafunzi wa Kiafrika waliandamana mpaka Uwanja Mwekundu mjini Moscow kwa sababu ya kifo cha mwenzao kutoka Ghana. Wakubwa wa huko walisema amekufa kwa baridi. Wanafunzi waliamini ameuawa. Ukweli wa kifo kile si jambo ninaloweza kulipima hapa. Lakini maandamano yenyewe yanatuonyesha kwamba vijana wale walikuwa na masomo ya bure, vitanda na lugha, na bado walijiona hawana usalama barabarani wala kwenye sherehe za vijana wenzao. Chuo kiliwapokea, mtaa ulikuwa haujawapokea. Mgeni hawezi kuishi kwa barua ya kukubaliwa peke yake.

Sasa, ndugu zangu, tufanye nini? Sitapendekeza kamati, maana tunazo za kutosha. Nitataja mambo manne ambayo hayahitaji bajeti kubwa.

Jambo la kwanza ni karatasi moja, iliyoandikwa kwa lugha nyepesi, ambayo kila mwanafunzi mgeni apewe siku anapofika. Isizungumzie historia ya chuo. Imweleze jinsi tunavyohesabu saa, majina ya fedha zetu yaliyo vinywani mwa watu, nauli ya kwenda mjini, zahanati ilipo na kadi ya kuonyesha, dalili za malaria na umuhimu wa kupima damu siku hiyo hiyo homa inapomshika, na ofisi ipi inatoa barua ipi. Na tangazo lolote la mtihani litolewalo kwa mdomo lifuatwe na maandishi ubaoni. Hilo peke yake lingemwokoa mwenzangu.

Jambo la pili ni Kiswahili cha dirishani. Wataalamu tunao. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imezoea kufundisha wageni, na Zanzibar kazi hiyo inafanyika katika Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Umoja wa Afrika uliipokea lugha hii kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, na kila tarehe 7 Julai tunaiadhimisha duniani. Itakuwa ajabu tukiipeleka Addis Ababa, na huku mgeni aliye bwenini kwetu hajui kumwambia muuguzi panapomwuma. Saa chache kila wiki katika muhula wa kwanza, zikifundishwa sokoni na zahanati na si darasani tu, zinatosha kumsimamisha mtu.

Jambo la tatu linawahusu ninyi watumishi wa umma moja kwa moja. Kila chuo kiwe na mtu mmoja, mwenye jina na meza, ambaye mgeni anajua kwamba shauri lake likianza kwake litaishia kwake. Mgeni asitumwe dirisha la pili kabla la kwanza halijapiga simu kuuliza. Urasimu unamchosha mwananchi, lakini mwananchi ana mjomba wa kumlalamikia. Mgeni hana mjomba hapa. Wewe uliye dirishani ndiye mjomba.

Jambo la nne ndilo kubwa, nalo ni jembe lenyewe. Mgeni apewe kazi miongoni mwetu. Karibu na chuo kimoja namfahamu mama lishe aliyekuwa akihudumia msichana mmoja kutoka Korea. Wengine wote walimruhusu msichana yule kuonyesha kwa kidole. Mama alikataa. Kila siku alimdai neno moja jipya kabla ya kumpa sahani: leo maharage, kesho mchicha, keshokutwa “naomba uniongezee mchuzi.” Baada ya wiki kadhaa, wateja walipozidi mchana, alimpa mkebe wa fedha amsaidie kurudisha chenji. Msichana akakosea, akachekwa, akacheka, akarekebisha. Kufika mwisho wa muhula alikuwa akibishana na madereva wa bodaboda juu ya bei. Mama yule hakusoma semina yoyote ya mapokezi. Alikuwa anaijua methali.

Nasi tunayo majembe mengi. Mwanafunzi wa hesabu kutoka Burundi aweza kusaidia kufundisha katika shule ya sekondari iliyo jirani. Wageni waitwe kwenye usafi wa mtaa, kwenye timu ya mpira, kwenye kwaya. Ndugu wa darasani akifiwa, mgeni naye aambiwe, apitishiwe daftari la rambirambi kama wengine. Tusimruke kwa kumwonea huruma. Mimi huamini kwamba siku mtu anapoletewa kadi ya mchango wa harusi ya mtu ambaye hamjui vizuri, hapo ajue amekwisha kuwa mwenyeji.

Najua baadhi yenu mnajiuliza: mbona vijana wetu wenyewe wanataabika, na hakuna awaandikiaye karatasi? Swali hilo ni la haki. Binti anayetoka kijijini kule Rukwa na kuteremka Dar es Salaam kwa mara ya kwanza naye ni mgeni, na konda anamzidishia nauli vilevile. Jibu langu ni kwamba karatasi ile ile itamfaa, na meza ile ile itamsikiliza. Nyumba ikiinuliwa mlango kwa ajili ya mgeni, wenyeji nao huacha kuinama.

Aidha, sisemi kwamba mgeni hana wajibu. Jembe hupewa mtu ili alime. Sheria za nchi zinamhusu, kibali lazima awe nacho, na lazima ajifunze desturi za watu anaoishi nao, hata zile zinazomshangaza. Mgeni anayejifungia na wenzake wa kwao mwaka mzima na kutulaumu kwamba hatukumkaribisha, naye amelikataa jembe. Lakini mwenyeji ndiye anayeanza, kwa sababu mwenyeji ndiye anayejua ghala lilipo.

Jambo hili litazidi kuwa kubwa. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza tarehe 1 Julai 2010, na mwaka 2017 wakuu wa nchi zetu waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Jumuiya hiyo sasa ina nchi 8, kutoka Somalia mpaka Kongo. Vijana watakuja zaidi, na wetu watakwenda zaidi. Viongozi wametia sahihi zao. Lakini hakuna kiongozi wa nchi atakayekuwapo bwenini asubuhi ya mtihani kumwamsha mtoto wa jirani yetu. Kazi hiyo ni ya yule aliye karibu na mlango.

Siku ile niliufunga taratibu, nikadhani nafanya wema. Ningetaka kijana wangu, akiwa ugenini, apate mwenzake wa chumba atakayemvuta blanketi na kumwambia: amka, ndugu yangu, saa tatu yetu ni sasa hivi.